Mdogo Wangu, Kunywa Chai Yako

Leo nina barua moja tu. Nyingine zitasubiri, kwa sababu hii sikutaka kuijibu kwa mistari mitatu.

Imetoka kwa binti wa miaka 24, mkazi wa Upanga, Dar es Salaam. Kwao ni Wahindi wa Kigujarati, wako Tanzania kizazi cha nne sasa. Amesoma uhasibu, ana kazi yake, na wazazi wameanza kumtafutia mchumba. Hana ugomvi na hilo. Tatizo ni biodata. Kwa asiyeijua, hiyo ni karatasi inayotangulia posa: picha yako, urefu, elimu, ukoo, kazi za kaka zako. Zamani ilipitishwa mkono kwa mkono. Siku hizi inarushwa kwa WhatsApp kutoka Dar hadi Leicester hadi Toronto. Ya kwake imetengenezwa na masi, dada wa mama yake. Alipoifungua alikuta uso wake umepaushwa kwa programu ya simu mpaka hauendani na shingo, na penye rangi pameandikwa ya ngano. Yeye ni mweusi, kachukua kwa bibi mzaa baba. Alipouliza, masi alimwambia anamrahisishia mambo, akaongeza kwamba kwa picha ile ya mwanzo watu wangedhani ana damu ya hapa. Mama alikuwepo, akanyamaza. Kesho yake akakuta tyubu ya krimu kwenye meza yake ya kioo, na mpaka leo hajui nani kaiweka.

Anauliza: "Dada, nikikataa nitakuwa na kiburi? Maana najua wananipenda."

Huna kiburi, mdogo wangu. Na nafurahi umeliweka swali hivyo, kwa kuwa ugumu wa jambo lenyewe uko hapo hapo. Mtu baki akikutukana rangi, unamjibu au unampita. Huyu anayekusogezea krimu ndiye aliyekesha na wewe ulipougua surua. Maneno yanakuja yamefungwa ndani ya huruma, na ukiyarudisha inaonekana umeirudisha na huruma yenyewe. Binti wa Kihindi aliyezaliwa mweusi, awe Chennai au Kisutu, kwa kawaida hajifunzi aibu ya ngozi yake kwa maadui. Anaipata kwa bibi, kwa foi, yaani shangazi, kwa mama akiwa amemkalisha miguuni anamchana nywele.

Tena yanaanza kabla hajazaliwa. Mama mjamzito anapewa maziwa yenye zafarani, kwa imani kwamba mtoto atatoka mweupe. Mtoto akitoka, anasuguliwa kwa unga wa dengu na maziwa. Akifika umri wa kuomba chai anaambiwa asinywe, chai itamtia weusi, na wapo wanawake wazima wenye wajukuu ambao hadi leo wanaisogeza chai kando wakikumbuka onyo hilo. Akicheza nje saa nane mchana anaitwa ndani. Kaka yake anaachwa na mpira wake juani. Akichagua kitambaa cha njano dukani anaambiwa rangi hiyo si yake. Hakuna hata mmoja wa watu hawa anayejiona anamuumiza mtoto. Kila mmoja anadhani anamwekea akiba.

Zafarani haibadilishi rangi ya mtoto tumboni, wala chai haigusi ngozi ya mtu. Rangi inarithiwa kwa njia nyingi zinazoingiliana, na India ni nchi yenye watu wa kila namna: mwaka 2013 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya CCMB ya Hyderabad, walitoa matokeo juu ya jeni moja tu kati ya zinazohusika na rangi, wakaonyesha jinsi inavyotofautiana kutoka jamii hadi jamii ndani ya nchi hiyo hiyo. Ndiyo maana tumbo moja linazaa mtoto wa rangi ya maziwa na mwenziwe wa rangi ya kahawa. Hakuna aliyekosea kula.

Kuna mwanamke mmoja nataka umfahamu. Anaitwa Sarada Muraleedharan. Alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa serikali ya jimbo la Kerala, kusini mwa India, cheo ambacho juu yake hakuna mtumishi mwingine wa umma katika jimbo. Alikipokea kutoka kwa V. Venu, ambaye ni mume wake. Machi 2025 aliandika hadharani kwamba kuna mtu alimlinganisha na mumewe, akasema kazi ya mke ni nyeusi kadiri ya mume ilivyokuwa nyeupe. Yeye ni mweusi, mume ni mweupe, kwa hiyo kila msomaji alielewa kilichosemwa. Aliandika na kufuta, kisha akaandika tena baada ya kushauriwa kwamba jambo hilo linafaa kuzungumzwa. Humo akaeleza kwamba alipokuwa na miaka minne alimuuliza mama yake kama anaweza kumrudisha tumboni, amtoe tena akiwa mweupe na mzuri. Na kwamba aliishi zaidi ya miaka 50 akiamini rangi yake haitoshi, mpaka watoto wake walipomwonyesha uzuri asiokuwa akiuona.

Fikiria hapo. Mtihani wa utumishi wa umma wa India unafanywa na mamia ya maelfu, wanapita wachache sana. Huyu alipita, akapanda ngazi zote hadi ya mwisho, na bado yule mtoto wa miaka minne alikuwa naye. Kwa hiyo wewe usijilaumu kwamba una shahada na mshahara wako lakini picha moja imekunyima usingizi. Elimu haikuwekwa kwa ajili ya kufuta kitu hiki. Nasema hivi kwa sababu najua wapo watakaokuambia ujiamini tu, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Watu wengi hupenda kumaliza mjadala kwa kusema Mwingereza ndiye aliyeyaleta haya. Aliyazidisha, hilo sina shaka nalo: Taji la Uingereza liliitawala India moja kwa moja tangu 1858 hadi 1947, na katika miaka yote hiyo ngozi nyeupe ilikuwa ndiyo ngozi ya hakimu, ya mkuu wa wilaya na ya mwenye klabu ambayo Mhindi aliingia akiwa amebeba sinia. Ila aliikuta nchi ambayo mwenye kulima juani alikuwa tayari chini, na mwenye kukaa kivulini na vitabu au na ardhi alikuwa juu, na daraja hizo zilirithiwa kwa tabaka la kuzaliwa. Weusi ukawa alama ya jembe. Na bado, mdogo wangu, masimulizi ya kale ya nchi hiyo hiyo hayakuwaona weusi kuwa wabaya. Krishna, anayependwa kuliko wengi, ni mweusi. Draupadi wa Mahabharata, ambaye wana wa wafalme walishindana kumwoa, anasimuliwa kuwa mweusi na mzuri kupita wote. Bibi yako anayajua masimulizi haya kwa moyo. Mkumbushe.

Kisha biashara ikaingia. Mwaka 1975 kampuni ya Hindustan Lever ilianza kuuza krimu ya Fair & Lovely, na kwa miaka mingi matangazo yake yalisimulia hadithi ile ile: binti mweusi hana kazi wala mchumba, anapaka, anapauka, milango inafunguka. Katika tangazo moja baba anasikitika kwamba hana mtoto wa kiume wa kumtunza. Binti anasikia, anapaka krimu, anapata kazi ya uhudumu wa ndege, na nyumba inapata neema. Lilipigiwa kelele na vyama vya wanawake hadi likaondolewa hewani mwaka 2003. Miaka miwili baadaye kampuni ya Emami ikatoa Fair and Handsome kwa wanaume, ambayo baadaye ilitangazwa na mwigizaji Shah Rukh Khan. Mwaka 2020, dunia ilipokuwa mitaani baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, Fair & Lovely ikabadilishwa jina kuwa Glow & Lovely, na tovuti ya kutafutia wachumba ya Shaadi.com ikaondoa sehemu ya kuchagulia rangi ya ngozi baada ya wateja kuilalamikia. Ni hatua, sizidharau. Krimu bado iko dukani.

Mwigizaji Nandita Das, aliyejiunga mwaka 2013 na kampeni ya Dark Is Beautiful iliyoanzishwa Chennai na shirika la Women of Worth, amewahi kueleza kwamba akicheza mwanamke wa kijijini au wa makazi duni rangi yake inasifiwa kuwa ya asili kabisa, ila akicheza mwanamke msomi wa mjini, mpambaji anamhakikishia kwamba watamng'arisha. Huo ndio ujumbe ambao masi yako ameunywa tangu utotoni, kutoka sinema hadi gazeti la Jumapili lenye kurasa za wanaotafuta wachumba. Anaijua bei ya soko na anajaribu kukuuza vizuri. Mwelewe kwa hilo, bila kumruhusu.

Bei hiyo watu wanailipa kweli. Ziko nyumba India ambako mahari, ambayo pale hutolewa na upande wa mwanamke na ilipigwa marufuku kwa sheria tangu 1961, huongezwa chini kwa chini pale binti anapokuwa mweusi, kana kwamba baba anatozwa faini. Ziko ndoa zinazoanza kwa maneno ya mama mkwe na kuishia polisi. Wanaume nao hawakupona: Agosti 2023 Mahakama Kuu ya Karnataka ilimpa talaka mume ambaye mkewe alikuwa akimdhalilisha kwa weusi wake, ikauhesabu udhalilishaji huo kuwa ni ukatili. Na usimsahau dada mweupe katika nyumba yenye binti mweusi. Anasifiwa kwa kitu ambacho hakukifanyia kazi, mbele ya mwenzake, miaka nenda miaka rudi, hadi ndugu wawili wanakua hawawezi kusimama pamoja kwenye picha moja kwa raha.

Sasa hilo la damu ya hapa.

Limeniuma, na sitalipitia juu juu, maana mimi ni mtu wa hapa. Masi yako kasema mbele ya mama yako jambo ambalo naamini lilisikika hadi jikoni, na jikoni kwenu, kama kwa wengi Upanga, yuko dada aliyekubeba mgongoni, aliyekufundisha hicho Kiswahili ulichoniandikia. Ngozi yake ndiyo iliyotumika kukutisha wewe. Haya mambo mawili hayatengani: nyumba inayomtazama binti yake mweusi kama hasara haiwezi kumtazama Mwafrika aliye mlangoni kwa jicho jingine. Nchini India kwenyewe tumeliona likifika mbali. Januari 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru, kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na dereva wa Sudan ambaye yeye hakumjua. Alipita baadaye, akiwa mweusi, ikatosha. Mei mwaka huo huo kijana wa Kikongo aliuawa kwa kupigwa mjini Delhi baada ya ugomvi juu ya kukodi bajaji. Wapo Wahindi walioandamana na kulaani, na nawaheshimu. Nawataja hawa wawili kwa sababu mikono iliyowapiga ililelewa katika nyumba ambazo neno kalu, yaani mweusi, ni utani wa kila siku.

Kama hujaitazama sinema ya Mira Nair ya mwaka 1991, Mississippi Masala, itafute. Ni ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakaishia kusini mwa Marekani, na binti yao, mweusi kama wewe, akampenda Mmarekani mweusi. Itazame na mama, kama anakubali. Kuna mambo sinema inayasema mezani ambayo mtoto hawezi kumwambia mzazi wake uso kwa uso.

Nanyi wadogo zangu wengine mnaosoma mkidhani haya ni ya Wahindi peke yao, hebu tazameni mikoba yenu. Mkorogo unaochanganywa Kariakoo na ile krimu ya mezani kwa mwenzenu vina hamu moja. Kwa hiyo haya ya dawa yasikilizeni wote.

Mdogo wangu, hiyo tyubu usiipake kabla hujajua ndani mna nini. Krimu za namna hii hubeba vitu vitatu vya kuogopwa. Kuna steroidi kali, ambazo mwanzoni hulainisha uso hadi ukajiona umependeza, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi na nywele zinaota, na jua linakuunguza. India daktari wa ngozi akikutana na uso wa namna hiyo hashangai, kwa kuwa wagonjwa ni wengi, na mwaka 2018 serikali ilibana krimu kadhaa za steroidi zisiuzwe bila cheti cha daktari. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kukuachia madoa ya bluu na meusi kuliko yale uliyoyakimbia. Na kuna zebaki. Hiyo inapenya kwenye ngozi na kwenda kwenye figo. Madaktari wa Kottakkal, Kerala, waliwachunguza wagonjwa waliofika hospitalini kwao kati ya 2021 na 2023 wakivuja protini kwenye mkojo. Kati ya 15 waliokutwa na aina moja ya ugonjwa wa figo, 13 walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi. Walikuja hospitali kwa dalili kama uvimbe, hawakuwa na habari kwamba chanzo kiko usoni.

Soma pembeni ya kichupa. Ukiona jina la zebaki kwa lugha yoyote, kama mercury, calomel au mercurio, itupe. Ukiona onyo kwamba isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, itupe pia, hiyo ni dalili yake. Isiyoandikwa kitu chochote ni mbaya zaidi. Na ambaye keshaanza kutumia yenye steroidi kwa miezi asiiache ghafla kimyakimya chumbani. Aende kwa daktari wa ngozi amsimamie, kwa sababu uso huchachamaa ukiachishwa, na wengi hurudia krimu kwa hofu ya hicho kipindi. Nyumba yenye mtoto mchanga isiweke kabisa yenye zebaki, mvuke wake na mikono ya mama vinamfikia.

Pithi ya harusi sina neno nayo. Manjano, unga wa dengu, msandali na marashi, wanawake wamekuzunguka wanakupaka na kuimba, hiyo ni raha, kama sisi tulivyo na singo na liwa. Paka, nukia. Kataa tu yule anayekupaka huku akihesabu umetakata kiasi gani.

Sasa ufanye nini wiki hii? Anza na mama, na umpate peke yake. Usimtie aibu mbele ya dada yake. Usimwambie wewe ni mbaguzi. Mwulize yeye alipimwaje wakati wake, nani alimtazama, walisema nini. Naamini ule ukimya wake siku ile ulikuwa na historia. Akishasema yake, mwambie lako kwa maneno machache: mama, picha ile si mimi, na sitaki kuingia nyumba ya mtu nikiwa nimemdanganya. Hoja hiyo ataielewa haraka, maana ni ya heshima ya familia. Upande wa kijana ukija ukamkuta binti mwingine kabisa na wa kwenye picha, watakaoitwa waongo ni wazazi wako, na wewe utaanza ndoa ukiwa na deni.

Biodata itengenezwe upya. Picha ya mchana, bila programu, ukiwa na nguo unayoipenda, hata ikiwa ya njano. Mstari wa rangi utoke kabisa, usiandikwe ngano wala nyeusi, hauna kazi pale. Masi akilalamika, mjibu kwa adabu na kwa jibu lile lile kila mara: "Masi, asante, ila rangi yangu tusiizungumze." Usieleze zaidi. Maelezo huzaa mjadala, na mjadala huo wamekuwa wakiushinda tangu ukiwa mtoto. Atakasirika wiki mbili tatu. Atarudi. Na siku ukimsikia akimnyima chai mtoto wa kaka yako, mmiminie mtoto kikombe mbele yake.

Kuhusu dada wa jikoni, usimwendee na hotuba. Siku maneno ya damu ya hapa yakirudi mezani, yakatae kwa sauti inayofika kule.

Na familia ya kijana itakapokuja, mkipewa zile dakika zenu za kuzungumza wawili, usizimalize kwa kuulizana sinema na vyakula. Muulize nyumbani kwao wanasemaje kuhusu watu weusi, waliozaliwa nao na wa nje. Akisita, mpe muda, naye kalelewa humo humo. Akisema hayo ni ya wazee, yeye hayamhusu, muulize la pili: tukipata binti akatoka rangi yangu, na mama yako akamsogezea krimu, wewe utasema nini? Jibu hilo kalale nalo siku kadhaa kabla hujawaambia wazazi ndiyo.